Je, niweke akiba yangu katika kampuni ndogo inayotafiti dawa ya saratani ya kongosho?

Mwana wa Tanga (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Ohio, na kwa miaka sita nimedunduliza hadi kufikisha dola 12,000, ambazo mpaka leo zimelala benki. Mama yangu alifariki kwa saratani ya kongosho miezi mitano baada ya ugonjwa kugunduliwa. Tulipomfikisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ulikuwa umekwisha kusambaa hadi kwenye ini. Tangu hapo habari yoyote inayotaja kongosho siipiti bila kuisoma hadi mwisho.

Ndivyo nilivyokutana na kampuni moja ndogo ya bayoteknolojia, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la NASDAQ, ambayo haina bidhaa yoyote isipokuwa dawa moja ya saratani hiyo, nayo bado iko katika majaribio. Hisa yake moja inauzwa chini ya dola 2. Hivi karibuni ilitangaza kwamba katika jaribio la awamu ya pili (ya kati katika hatua tatu za kupima dawa kwa watu) lenye wagonjwa 27, uvimbe wa wagonjwa 9 ulipungua. Nilisoma tangazo hilo nikiwa jikoni, nikalia. Natamani kununua hisa za dola 10,000 ili fedha yangu isaidie dawa hiyo iwafikie wagonjwa, na ikifanikiwa, nami nipate cha kujengea nyumba Tanga. Naomba mnieleze bila kunificha: mtu asiye mwanasayansi atajuaje kama kampuni ya namna hii inafaa kuwekewa akiba?

Mzee wa Seattle

Mwanangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nitakusimulia habari za kampuni iliyokuwa na makao yake mjini hapa, ambayo niliifuatilia magazetini kwa miaka mingi, kwa sababu naona inajibu swali lako kuliko nasaha zangu.

Kampuni hiyo iliitwa Dendreon. Matibabu yake ya saratani ya tezi dume, yaitwayo Provenge, yalikuwa ya aina mpya kabisa: mgonjwa alitolewa chembe zake za kinga kutoka kwenye damu, zikapelekwa kiwandani kufundishwa kuitambua saratani, kisha akarudishiwa mwilini, mara tatu. Machi 2007 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lilipiga kura 13 kwa 4 kwamba ushahidi wa kufaa kwake unatosha, na hisa zikapaa. Mwezi Mei mamlaka yenyewe ikataka ushahidi zaidi, zikaporomoka. Baadaye jaribio la wanaume 512 lilionyesha kwamba nusu ya waliopewa matibabu hayo waliishi zaidi ya miezi 25.8, ilhali kwa wenzao wa kundi la kulinganisha ilikuwa miezi 21.7. Idhini ikatolewa Aprili 2010.

Tazama sasa yaliyofuata, maana sayansi ilikuwa imekwisha kushinda. Matibabu kamili yaligharimu dola 93,000, na daktari alitakiwa kuyalipia kwanza ndipo aidai bima, jambo ambalo madaktari wengi waliliogopa. Agosti 2011 kampuni iliondoa makadirio yake ya mauzo, na hisa ikapoteza zaidi ya nusu ya bei yake kwa siku moja. Mwaka huohuo kikaidhinishwa kidonge cha saratani hiyohiyo, abiraterone, na mwaka uliofuata enzalutamide, ambavyo mgonjwa humeza nyumbani kwake. Kampuni ilibaki na deni la zaidi ya dola milioni 600, na Novemba 2014 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mali zake zilinunuliwa na kampuni ya dawa ya Valeant mwaka 2015. Wenye hisa, ambao sheria huwaweka mwisho wa foleni nyuma ya wadai wote, waliondoka mikono mitupu. Matibabu yenyewe hayakufa, yakaendelea kutolewa hospitalini.

Liko jambo jingine, nalo kwako wewe naliona ndilo zito zaidi. Unaponunua hisa sokoni, fedha yako humwendea yule aliyekuuzia, ambaye huenda anaikimbia hisa hiyohiyo. Haifiki maabara. Kampuni hupata fedha pale tu inapotoa hisa mpya. Kwa hiyo nia yako ya kusaidia wagonjwa, ambayo naiheshimu sana, usiichanganye na biashara hii.

Muuguzi wa utafiti (Houston)

Dada yangu, pole. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha majaribio ya dawa za saratani, na ningependa turudi kwenye wale wagonjwa 9 kati ya 27, maana hapo ndipo tangazo lilipokugusa.

Uvimbe hupimwa kwa picha za CT, na kwa kawaida mgonjwa huhesabiwa kuwa uvimbe wake umepungua pale jumla ya vipenyo inaposhuka kwa asilimia 30 au zaidi. Hilo halisemi ataishi muda gani. Nimewahi kumpokea mgonjwa ambaye picha zake zilitufurahisha sote, naye akafariki kabla ya msimu kubadilika. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: wagonjwa hao 27 walilinganishwa na nani? Kama hapakuwa na kundi la kulinganisha, hujui wangekuwaje bila dawa hiyo. Swali la pili: walipewa dawa hiyo peke yake, au pamoja na tibakemikali ya kawaida? Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya FOLFIRINOX, mchanganyiko wa dawa za zamani, ambao ulipunguza uvimbe kwa takriban asilimia 31.6 ya wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa. Tisa kati ya 27 ni asilimia 33. Ikiwa dawa ya kampuni hii ilitolewa juu ya tibakemikali ya namna hiyo, huenda iliyofanya kazi ni tibakemikali peke yake.

Wameshaumia wakubwa kwa jambo hilihili. Kampuni ya Incyte ilikuwa na kidonge cha epacadostat, ambacho kilipounganishwa na Keytruda, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, katika majaribio ya awali yasiyo na kundi la kulinganisha, kilileta matumaini makubwa kwa saratani ya ngozi ya melanoma. Mwaka 2018, katika jaribio la awamu ya tatu la wagonjwa zaidi ya 700, mchanganyiko huo uliposhindanishwa na Keytruda peke yake, kidonge hicho hakikuongeza kitu. Incyte ilisimama kwa sababu ilikuwa na dawa nyingine sokoni. Kampuni yako haina.

Mhasibu wa Minneapolis

Nakubaliana na waliotangulia, ila sipendi dada aondoke akidhani kwamba fedha katika kampuni hizi hupotea siku zote. Kite Pharma, kampuni ndogo ya dawa za saratani, iliingia sokoni Juni 2014 kwa dola 17 kwa hisa. Agosti 2017 kampuni kubwa ya dawa ya Gilead ilikubali kuinunua kwa dola 180 kwa hisa, yaani takriban dola bilioni 11.9, na Oktoba mwaka huohuo dawa yake, Yescarta, ikaidhinishwa. Mambo haya hutokea. Lakini tathmini ya chama cha sekta hiyo cha Marekani kwa miaka 2011 hadi 2020 ilikuta kwamba kati ya dawa za saratani zilizoanza awamu ya kwanza, takriban asilimia 5 tu zilifikia idhini.

Mimi huanza na ripoti ya robo mwaka, ambayo kampuni za Marekani zilizoorodheshwa huiwasilisha na yeyote anaweza kuisoma bure. Tafuta fedha taslimu iliyobaki, kisha tafuta kiasi inachotumia kwa robo mwaka, ugawe cha kwanza kwa cha pili. Tuseme ina dola milioni 60 na inatumia milioni 20 kila robo: ina robo tatu za uhai. Haina mauzo, kwa hiyo italazimika kutoa hisa mpya, na zikiwa milioni 40 juu ya milioni 40 zilizopo, fungu lako limekatwa nusu hata kama dawa inaendelea vizuri. Ndiyo maana mara nyingi habari njema hutangazwa asubuhi, na jioni kampuni inatangaza kuuza hisa.

Kama moyo wako umeshikamana na sekta hii, upo mfuko wa uwekezaji wa XBI, unaokusanya makampuni mengi ya bayoteknolojia kwa pamoja, ili moja likianguka usianguke nalo. Nao pia una misukosuko: kati ya Februari 2021 na Mei 2022 ulishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Weka kiasi ambacho kikipotea chote, kodi ya nyumba yako italipwa vilevile.

Mwana wa Tanga

Mzee wa Seattle, shikamoo, nanyi kaka na dada nawashukuru kwa muda mlionipa. Jana usiku nilifungua ripoti ya robo mwaka, nikakaa nayo mpaka saa saba. Fedha taslimu ni dola milioni 21, na katika robo iliyopita wametumia milioni 12. Katika kurasa za mbele wameandika wenyewe kwamba kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi 12 ijayo. Kuhusu swali la dada muuguzi, nililipata katika aya ya sita ya lile tangazo lililoniliza, sehemu ambayo sikuifikia siku ile: wagonjwa wote 27 walikuwa wakipewa tibakemikali pia, na kundi la kulinganisha halikuwapo.

Nimeifuta oda niliyokuwa nimeiandaa. Nitaweka dola 1,000 katika mfuko aliotaja kaka mhasibu, na nyingine zibaki benki hadi nijifunze zaidi. Hilo la kusaidia wagonjwa nimezungumza na kaka yangu aliyeko Tanga. Mama alichelewa kufika Dar kwa sababu ya nauli na mahali pa kulala, wala hapakuwa na kizuizi kingine. Kaka anaulizia katika hospitali ya mkoa ni wagonjwa wangapi waliopewa rufaa mwezi huu bado hawajasafiri.