Mjadala: Kitabu kipya kianzie kwenye tovuti za utanzu wake au kwenye maduka ya jumla?

Jalada Gumu (mleta mada)

Wadau wa vitabu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kila mwandishi anayetoa kitabu siku hizi anashauriwa akipeleke kwenye tovuti zinazoshughulikia utanzu mmoja tu: upelelezi, mapenzi, fantasia, riwaya za kutisha na kadhalika. Msimamo wangu ni kwamba mwenye kitabu kimoja na muda mdogo aanzie duka kubwa la jumla, aunyooshe ukurasa wake pale, ndipo azifikirie tovuti hizo. Tovuti ya utanzu kwa kawaida haiuzi, inampeleka mtu kwenye ukurasa wa duka. Ukurasa ukiwa mbovu, kila aliyebofya amepotea.

Na kurasa nyingi ni mbovu. Chukua Amazon. Unapopakia kitabu kupitia KDP, huduma yake ya kujichapishia vitabu, unapewa nafasi 3 za kategoria na visanduku 7 vya maneno ya utafutaji, kila kimoja herufi 50. Utakuta mtu ameweka neno moja katika kila kisanduku: "mapenzi", "riwaya", "siri". Maneno hayo yameshabebwa na kategoria, hayaongezi kitu. Kisanduku kinataka fungu la maneno ambalo msomaji angeliandika mwenyewe anapotafuta, kwa mfano "mpelelezi mwanamke kijiji cha wavuvi" au "ndoa ya mkataba inayogeuka mapenzi". Asiyejaza visanduku 7 ipasavyo atafanya nini kwenye tovuti ishirini?

Mkutubi wa Rafu

Mkuu, wewe umeanza na mwandishi. Mimi naanza na msomaji. Duka la jumla linaweza kujibu "nataka riwaya ya upelelezi". Linakwama anapotaka mpelelezi asiye polisi, kazi yake ni upishi, na mambo yatokee miaka ya 1920. Tovuti ya Stop, You're Killing Me! imejengwa kwa maswali ya namna hiyo: riwaya za uhalifu zimepangwa kwa jina la mwandishi na la mhusika, kisha kuna faharasa za mahali, za kazi ya mhusika na za kipindi cha historia. ISFDB, hifadhidata ya bunilizi za kisayansi, fantasia na za kutisha iliyoanza 1995, inashuka hadi hadithi fupi moja moja: ilichapishwa wapi kwanza, ikarudiwa katika mkusanyiko upi. Kazi hiyo hufanywa na watu wanaoupenda utanzu wao. Duka halioni faida ya kuifanya.

Halafu kuna suala la mpangilio wa mfululizo, ambalo waandishi wanalidharau mno. Msomaji akianza na kitabu cha tatu akidhani ni cha kwanza, ni rahisi kumpoteza moja kwa moja. Maduka huchanganya namba kwa sababu zinazojulikana: toleo linalokusanya vitabu vitatu hupewa namba yake kana kwamba ni kitabu cha nne, novela ya katikati huandikwa 1.5 hapa na 2 pale, na jalada jipya huonekana kama kitabu kipya. Fantastic Fiction karibu yote ni orodha za waandishi na mifululizo yao kwa mpangilio. Ndugu mwandishi, kabla ya kufikiria tangazo lolote, nenda kahakikishe orodha yako huko iko sawa.

Nukta Mkato

Nakubaliana na Mkutubi kuhusu hifadhidata, ila tusizichanganye na tovuti za "kukuza vitabu". Katika kundi hilo la pili ziko ambazo wageni wake ni waandishi wanaotafuta wasomaji, na msomaji mwenyewe hayupo. Kuzitambua hakuhitaji utaalamu. Kwenye ukurasa wa mwanzo, kitufe cha "wasilisha kitabu chako" ni kikubwa kuliko kisanduku cha kutafuta. Maelezo ya kila kitabu ni yale yale ya nyuma ya jalada, neno kwa neno. Hakuna hata uhakiki mmoja unaosema kitabu ni cha wastani. Anayetoa maoni chini naye anaacha kiungo cha kitabu chake. Na ukitafuta kitabu kilichowekwa miaka mitatu iliyopita hukipati, maana kila kitu huzikwa na kipya baada ya wiki moja. Ukiona dalili tatu kati ya hizo, ondoka.

Kinachonikera zaidi ni vitabu vya mpakani. Riwaya ya mauaji iliyowekwa zama za kale na yenye mapenzi ndani yake inakataliwa na tovuti tatu kwa sababu tatu tofauti. Tovuti za utanzu zinamlazimisha mwandishi akikate kitabu kitoshe kwenye rafu, na mimi hilo naliona hasara kwa fasihi yenyewe.

Mhariri wa Zamu

Nukta Mkato, mfano wako una rafu yake tayari. Katika BISAC, mfumo wa misimbo ya kupanga vitabu unaotumiwa na maduka na wachapishaji wa Marekani, upelelezi wa kihistoria ni FIC022060. Katika Thema, mfumo wa kimataifa ulioanza 2013, ni FFH. Watu wanasimama kwenye msimbo wa jumla, FIC022000, kisha wanalalamika kwamba hawaonekani. Huko juu mnagombania nafasi na kila kitabu cha upelelezi duniani. Teremka mpaka kwenye kipera (tawi la utanzu) kilicho chembamba kuliko vyote lakini bado cha kweli, kiweke cha kwanza, kisha ongeza cha pili kwa ajili ya ule upande mwingine.

Utaratibu ninaowapa waandishi ni huu. Andika sentensi moja: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Kisha jiulize ni sehemu gani ukiiondoa kitabu kinakufa. Ukiyaondoa mauaji na hadithi ikabaki imesimama, basi mauaji hayo ni pambo na tovuti ya upelelezi si mahali pake. Baada ya hapo tafuta vitabu vitano vya waandishi walio hai, vilivyotoka miaka mitano iliyopita, ambavyo msomaji wako angevisoma kabla au baada ya chako. Vitazame vimewekwa kategoria gani na vimehakikiwa na tovuti zipi. Hizo ndizo tovuti zako. Kama huwezi kuvipata vitano, hujaujua utanzu wako bado.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kwenye mapenzi. Chama cha Romance Writers of America kinautambua utanzu huo kwa mambo mawili: hadithi ya mapenzi ndiyo kiini, na mwisho unaridhisha na una matumaini. Riwaya ambayo mpenzi mmoja anakufa mwishoni inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini ukiipeleka kwenye tovuti ya mapenzi umevunja ahadi ambayo wasomaji wale wanaijua kwa moyo. Watakupa nyota moja, na watakuwa na haki. Ipeleke kwenye riwaya za familia au za kihistoria.

Bei na Hesabu

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo watu wanaumia. Kuna malipo ya nafasi ya tangazo na kuna malipo ya sifa, na hayo mawili hayafanani. BookBub, iliyoanza 2012, inatuma barua pepe za ofa kulingana na tanzu ambazo msomaji mwenyewe alichagua. Wahariri wake wanachuja maombi, bei ya kitabu lazima ishuke kwa angalau nusu, na ada hutofautiana kwa utanzu kwa sababu idadi ya waliojiandikisha hutofautiana. Hiyo ni biashara ya wazi, msomaji anajua ni ofa. Anayekuambia "lipa, utapata nyota tano" anakuuzia kesi. Kanuni ya FTC, mamlaka ya Marekani inayosimamia biashara ya haki, iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza kununua uhakiki unaotakiwa kuwa wa sifa au wa kuponda, na maduka nayo hufuta uhakiki wa namna hiyo bila kukuuliza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawa ada kwa mapato yako halisi ya nakala moja kwa bei iliyopunguzwa, usitumie ya kawaida. Ada ikiwa sawa na mapato ya nakala 40, na katika kila wabofyaji 20 ananunua mmoja, unahitaji mibofyo 800 kurudisha pesa tu. Iulize tovuti: jarida lenu la barua pepe la kipera hiki, achana na jumla yenu, lina watu wangapi, na wangapi kwa kawaida wanabofya? Tovuti inayokataa kujibu imeshajibu.

Mengine ni ya kiutendaji. Punguza bei siku tatu kabla ya tangazo, kwa sababu maduka hayabadilishi bei papo hapo, kisha ikague mwenyewe katika kila duka. Kila tovuti ipe kiungo chake cha kupimia, la sivyo hutajua nani kaleta mtu. Usiweke tovuti nne siku moja kama lengo lako ni kupima. Zikiwekwa siku nne mfululizo, ya kwanza ikiwa ndogo na ya mwisho kubwa, utaona tofauti zao na mauzo yatapanda taratibu badala ya kuruka na kuanguka.

Mfululizo Kila Ijumaa

Bei na Hesabu, umeruka mtego mmoja. Wanaochapisha sura kwa sura kwenye tovuti kama Royal Road, ambako fantasia ndiyo inayotawala, huwa wanapata wasomaji kabla ya kitabu kuwepo. Kisha wanakiingiza kitabu kwenye KDP Select, mpango wa Amazon. Mpango huo unadai kitabu pepe kisipatikane kokote kwingine kwa siku 90, isipokuwa dondoo isiyozidi asilimia 10. Sura zikiachwa kwenye tovuti, umekiuka mkataba na kitabu kinaweza kuondolewa. Zitoe kwanza, subiri zisionekane hata kwenye matokeo ya utafutaji, ndipo ujiandikishe. Na waambie wasomaji wako wiki kadhaa mapema, kwa heshima, maana hao ndio watakaonunua siku ya kwanza.

Jalada Gumu (mleta mada)

Hayo yote yanathibitisha nilichosema: duka kwanza. Mhariri anatumia misimbo ya maduka, Bei na Hesabu anazungumzia ukurasa wa duka.

Mhariri wa Zamu

Hapana, mkuu, na sababu iko ndani ya duka lenyewe. Amazon walieleza hadharani mwaka 2003 jinsi mfumo wao wa mapendekezo ulivyofanya kazi wakati huo: unaangalia bidhaa zinazonunuliwa na watu wale wale, kisha unazihusisha. Mfumo haujui kitabu chako ni cha utanzu gani. Unawajua wanunuzi. Sasa fikiria wanunuzi wako wa mwanzo ni shemeji, wafanyakazi wenzako na marafiki wa shule. Mmoja husoma vitabu vya biashara, mwingine vya mapishi, wa tatu hasomi kitu. Kwa ushahidi huo riwaya yako ya kutisha inafananishwa na mwongozo wa uwekezaji. Wanunuzi mia waliotoka kwenye tovuti ya riwaya za kutisha wanalifundisha duka kitu sahihi. Ndiyo maana nasema ukurasa wa duka utengenezwe kwanza, hilo sawa, lakini watu wa kwanza watoke kwenye utanzu.

Nukta Mkato

Hoja hiyo naipokea, ni nzito. Lakini inahitaji tovuti zinazohakiki kwa haki, na hizo milango yake ni myembamba. Mashindano ya SPFBO, yaliyoanzishwa na mwandishi Mark Lawrence mwaka 2015 kwa fantasia zilizochapishwa na waandishi wenyewe, yalikuwa na utaratibu mzuri: vitabu 300, tovuti 10 za wahakiki, kila moja 30. Kila moja ilipeleka kimoja fainali, na vile 10 vilipewa alama na wote. Hakukuwa na ada. Bado ni 290 vilivyobaki nje.

Mkutubi wa Rafu

Dada Nukta, hao 290 si wote waliotoka mikono mitupu. Kitabu kilichoandikiwa uhakiki wa kweli wa aya nne, hata wa alama sita kati ya kumi, kinamsaidia msomaji kuamua. Wengine wanatafuta hasa kile ambacho mhakiki amekilalamikia: "kasi ndogo, siasa nyingi za ikulu" ni sifa kwa mtu fulani. The StoryGraph wamelichukua hilo kwa uzito, wanamruhusu msomaji kuchuja kwa hali ya moyo na kwa kasi ya kitabu. Kwa vitabu vyako vya mpakani, hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa chujio hilo linaweza kuvuka utanzu.

Angalizo kwa waandishi: tovuti nyingi za aina hii huendeshwa na mtu mmoja au wawili, wakichoka zinafungwa. Uhakiki ukitoka, hifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, siku hiyo hiyo, na omba ruhusa ya maandishi ya kunukuu sentensi moja au mbili.

Bei na Hesabu

Na mkiomba uhakiki, someni masharti yao kwanza. Barua ya maombi iwe na jina la kitabu, kipera, idadi ya maneno, tarehe ya kutoka, maelezo yasiyozidi maneno 150, na aina ya faili mliyo nayo, EPUB au PDF. Ipelekwe miezi mitatu kabla ya kitabu kutoka. Mhakiki mwenye foleni ya vitabu hamsini hawezi kukisoma chenu kesho.

Jalada Gumu (mleta mada)

Narekebisha msimamo wangu kwa sehemu moja: ukurasa wa duka kwanza, kisha wasomaji wa utanzu kabla ya ndugu na jamaa. Kuhusu tovuti zinazolipisha bado siwaelewi wanaozitetea zote kwa pamoja. Bei na Hesabu, kuna tovuti za kulipia za vipera vidogo, tuseme upelelezi wa kihistoria peke yake, ambazo barua pepe yake ina watu elfu mbili tu. Ungemshauri mtu alipie?

Bei na Hesabu

Ningemshauri alipie hiyo kabla ya ile ya jumla yenye elfu hamsini, mradi ada yake isizidi mapato ya nakala 10 na jarida liwe linatoka na vitabu visivyozidi vitatu kwa toleo. Vikiwa kumi na tano kwenye barua moja, cha chini hakionekani.