Naomba ushauri: nasimamia mdahalo wa sayansi na dini, pande zote zimekaza shingo

Kitendawili7:
Wakuu, salaam. Nimepewa kazi ya kuongoza mdahalo kati ya watu wa sayansi na watu wa dini, mada "Nani amefunga akili zaidi?" Dakika 90, wasemaji wawili kila upande. Hata hawajakutana, tayari wanarushiana vijembe, na mimi usingizi sina. Nataka watu watoke pale wakiona kwamba vinyume vinategemeana. Nifanyeje wasigombane?

MpimaHoja:
Anza na mada yenyewe, mkuu. Ukiuliza "nani" umeshaita ugomvi. Uliza "dai gani, na linashikiliwa vipi".

Kabla ya siku hiyo kila msemaji akuandikie mambo mawili: dai lake kwa sentensi moja, na ushahidi ambao ungemfanya aliache. Siku yenyewe, kabla ya kujitetea, aeleze dai la mpinzani mpaka mpinzani akiri kwamba ndilo analosema. Hapo ndipo wengi huharibu: wanaeleza sura dhaifu kabisa ya dai, na mwenye dai anakubali kwa adabu tu. Usimuulize "ni sawa?" Muulize "ameacha nini?"

Halafu angalia hili. Atakayeandika kwamba hakuna ushahidi wa kumbadilisha, usimwite mng'ang'anizi papo hapo. Muulize mwanahesabu ni kitu gani kingemfanya aache kanuni kwamba kauli haiwezi kuwa kweli na si kweli kwa wakati mmoja na kwa maana ileile. Naye atakujibu hakuna. Kila fikra ina msingi. Cha kutazama ni kama mtu anajua ameuweka wapi na kwa nini, au anaupanua kila akibanwa.

MwambaTope:
Wanaodhani wanasayansi hawang'ang'anii wamsome Wegener, mwanasayansi Mjerumani. Mwaka 1912 alisema mabara yanasogea, akachekwa. Alikuwa na pwani zinazolingana, visukuku na miamba inayofanana ng'ambo zote mbili za bahari.

Ila wanaoipenda hadithi hii huwa wanaikata katikati. Alieleza kwamba mabara yanasukumwa na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, pamoja na mvuto wa mwezi na jua. Wapinzani wakapiga hesabu, wakakuta nguvu hizo ni ndogo mno. Hesabu yao ilikuwa sahihi! Walipokosea ni kuruka kutoka "chanzo ulichotaja hakitoshi" hadi "mabara hayasogei". Mambo yaligeuka miaka ya 1960, hasa baada ya 1963, ilipofafanuliwa kwamba michirizi ya usumaku kwenye sakafu ya bahari inalingana pande zote mbili za matuta ya katikati ya bahari, yaani safu za milima chini ya maji. Na miamba hiyo huzidi kuwa mikongwe kadiri unavyoliacha tuta, maana sakafu mpya...

KijogooMtaratibu:
Mzee wa miamba, mtu kaomba ushauri wa mdahalo, wewe unampeleka chini ya bahari. Kitendawili, tafuta meza pana. Mikono isifikiane.

MpimaHoja:
Kitendawili7, kuna kitu hujasema. Mwenyekiti anajuaje sasa hivi watu watatoka na nini?

Kitendawili7:
Sawa, niseme. Kuna tamko la kufungia. Nitalisoma mwishoni, wasemaji wote wanne watie saini. Linasema: "Fizikia ya kwanta imethibitisha kwamba vinyume vyote ni kitu kimoja, hivyo sayansi na dini zinasema jambo lilelile." Limeshachapishwa kwenye ratiba. Wasemaji hawajaliona, lakini sioni ubaya, ni la amani. Elektroni si chembe na wimbi kwa pamoja? Hata mwanafizikia Niels Bohr aliweka alama ya yin na yang, ile ya Kichina ya vinyume viwili, kwenye nembo yake mwaka 1947.

UkingoWaNuru:
Nembo si jaribio, ndugu.

J. J. Thomson alitambua elektroni kuwa chembe mwaka 1897. Miaka 30 baadaye mwanawe, G. P. Thomson, alipitisha elektroni kwenye utando mwembamba wa metali akapata miviringo ambayo huonekana kwa mawimbi. Mtoto hakumkanusha baba. Mpaka hapo uko sawa, vinyume vinaweza kuungana.

Sasa masharti. Pitisha elektroni mojamoja kwenye mipasuko miwili. Kila moja inaacha nukta kama chembe, nukta zikiwa nyingi inatokea mistari kama ya mawimbi. Weka kifaa cha kukuambia imepita mpasuko upi, mistari inafifia. Kuna hata kikomo: mraba wa ukali wa mistari ukijumlisha na mraba wa kiasi cha kuijua njia, hauzidi 1. Ukipata hiki chote, kile kinakuwa 0. Kwa hiyo hatusemi ni "kitu kimoja". Tunasema kipi unapoteza, kiasi gani, na kwa kifaa kipi. Tamko lako halina sharti hata moja, na kuhusu dini jaribio hili halisemi chochote.

ShahidiWaKimya:
Mimi nasimama upande wa dini na silisaini. Mfano ni Lemaître, padri Mbelgiji aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia ya namna hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Alitaka nadharia isimame au ianguke kwa vipimo vyake. Aliyeikataa mpaka mwisho ni Hoyle, mwanasayansi asiye na dini, ingawa mnururisho unaotoka pande zote za anga, ushahidi mkubwa wa nadharia hiyo, uligunduliwa 1965. Tena kumpa mtu tamko jukwaani atie saini mbele za watu ni kumtega.

Chujio:
Wadau, hii ni chai. Wasemaji wanne, tamko limechapishwa, na hakuna aliyeuliza linasema nini? Huyu anaandika makala, anataka tumfanyie kazi bure.

KijogooMtaratibu:
Chai au si chai, mzee wa miamba ameshakunywa vikombe viwili.

Kitendawili7:
Si chai jamani. Ratiba hii hapa: utangulizi 10, wasemaji wanne dakika 15 kila mmoja, maswali 25, tamko na saini 10.

Chujio:
Jumla 105. Ulisema 90.

Kitendawili7:
Nitapunguza maswali.

MpimaHoja:
Yaani maswali dakika 10, sawasawa na tamko? Basi kama ni chai, imepikwa na mtu anayewajua wenyeviti. Ondoa tamko, wasemaji wape 13, maswali yabaki 25. Inakuja 87.

Kitendawili7:
Nimewaelewa kwa kiasi kikubwa. Wasemaji 13, sawa. Ila tamko siwezi kuliondoa. Nitabadili "imethibitisha" iwe "inaonyesha".

UkingoWaNuru:
Haionyeshi pia.