Nukta mbili na nukta mkato kwenye orodha: tuanze na ipi?

Swali
Walimu wenzangu, watoto wa miaka 9 hadi 11 wanatumia mkato kwenye orodha bila shida. Lakini nukta mbili (:) wanaibandika popote wanapoona orodha, na nukta mkato (;) wanaidhani ni mkato wa kupendezesha. Zifundishwe pamoja?

Jibu
Hapana, zitenganishe. Anza na nukta mbili, na kipimo ni kiganja: mtoto afunike kila kilicho baada ya alama, asome kilichobaki. Kikiweza kufungwa kwa nukta, alama iko mahali pake. "Mkobani mna vifaa vitatu" imekamilika. "Mkobani mna" inaning'inia, kwa hiyo orodha iingie bila alama: "Mkobani mna rula, kalamu na kifutio." Wengi hukosea baada ya "kama vile", kwa kuwa wameambiwa orodha ndiyo inayodai nukta mbili. Inayodai ni sentensi iliyotangulia.

Jibu
Naongezea: alama ishikamane na neno linaloitangulia, nafasi moja, kisha herufi ndogo isipokuwa kwa jina la pekee.

Kwa nukta mkato, waonyeshe kwanza mkato ukishindwa kazi. Andika ubaoni:

Wamekuja Asha, mwalimu wa hesabu, Juma, nahodha wa timu, na Neema.

Uliza ni watu wangapi. Wengine watasema 3, wengine 5, na wote wana haki. Sasa kila mtu azungushiwe duara pamoja na cheo chake. Mkato ulio ndani ya duara usiguswe. Mpakani, kati ya duara na duara, ndipo inapokaa nukta mkato:

Wamekuja watu watatu: Asha, mwalimu wa hesabu; Juma, nahodha wa timu; na Neema.

Kosa utakaloliona sana ni mtoto kugeuza kila mkato kuwa nukta mkato. Hapo watu wanarudi kuwa 5! Usimsahihishie, mrudishe kwenye maduara ahesabu upya.

Muulizaji
Asanteni sana. Na orodha ya maneno matupu, "rula, kalamu na kifutio"?

Jibu
Mkato unatosha, ndani hamna kitu cha kutenganisha. Ndiyo maana kwenye zoezi la sentensi 8 ni vizuri 3 zisihitaji nukta mkato kabisa. Zote zikiihitaji, mtoto ataitia bila kusoma.