Mjadala: Usomaji wa miswada unawajenga waandishi weusi wa tamthilia Marekani, au unawaweka foleni?

Mpenda Jukwaa (mwanzisha mada)

Wadau, habari za siku nyingi. Naleta hoja inayowagawa watu wa maigizo huku Marekani, na naomba tuijadili bila matusi.

Ukiwa mwandishi mweusi kijana mwenye tamthilia mpya mkononi, milango ya leo ni mingi kuliko ya zamani. Kuna tuzo za chipukizi, ruzuku za mwaka mmoja, matamasha ya kazi mpya, na kila ukumbi unaojiheshimu una programu yake ya kutafuta waandishi. Lakini ukifuatilia kinachotolewa mwisho wa safari, mara nyingi ni usomaji. Waigizaji wanakaa mstari mmoja, kila mmoja na kistendi cha kuwekea noti za muziki mbele yake, mswada juu. Mmoja kazi yake ni kusoma maelekezo tu: "Anaingia. Anavua koti. Taa zinazimika." Koti hakuna, taa zinawaka vilevile. Kisha makofi, kisha maswali kutoka kwa watazamaji, kisha divai na vitafunio, kila mtu kwake. Utaratibu mmoja unaojulikana sana wa chama cha waigizaji unaruhusu saa 29 za kazi kwa jumla, mazoezi yakiwa humo humo.

Wapo wanaosema huu ndio msingi wenyewe, na wana ushahidi mzito: mwandishi mweusi August Wilson. Mwaka 1980 alipata ruzuku ya Jerome kwenye kituo cha waandishi wa tamthilia Minneapolis. Akawa anapeleka miswada O'Neill, kituo cha kulea tamthilia mpya kule Connecticut, inarudi. Mwaka 1982 ikapokelewa Ma Rainey's Black Bottom. Ikasomwa kiangazi hicho, waigizaji miswada mikononi, yeye akikata na kuandika upya. Aprili 1984 ilikuwa jukwaani kwenye ukumbi wa chuo kikuu cha Yale, Oktoba mwaka huohuo ikawa Broadway, yaani kumbi kubwa za kibiashara za New York.

Sasa watu wanapoisimulia hadithi hii wanaruka jambo moja. Aliyekuwa akiongoza mkutano wa O'Neill ni Lloyd Richards, na huyohuyo Richards ndiye alikuwa mkuu wa ukumbi wa Yale. Aliyeusikia mswada kiangazi ndiye aliyepanga msimu wa maonyesho. Hakukuwa na barua ya "tumeipenda sana, tutawasiliana". Baada ya hapo tamthilia za Wilson zikawa zinazunguka kumbi za mikoani, Boston, Chicago, Seattle, zikichezwa kikamilifu mbele ya watu waliolipa kiingilio, naye akirekebisha mji hadi mji kabla ya kufika New York.

Kwa hiyo msimamo wangu: usomaji ni kitu kizuri pale tu mwenye uamuzi wa jukwaa anapokuwa amekaa chumbani na ameshaweka kitu mezani. Usipokuwa hivyo, ukumbi unajipatia sifa ya kuwalea weusi kwa gharama ya viti na divai, na mwandishi anazeeka akiitwa chipukizi. Karibuni.

Mama wa Saint Paul

Naunga mkono, lakini umeyapita haraka yale maswali ya mwisho, na kwangu mimi hapo ndipo penye kidonda.

Naandika tamthilia, naishi Minnesota. Ukumbi mmoja, sitautaja, ulinialika kusomewa mswada wangu kuhusu familia inayogombea nyumba ya bibi. Watu walicheka pale pa kuchekea. Halafu taa zikawashwa, nikawekwa kwenye kiti kirefu mbele, na mama mmoja mstaarabu kabisa akaniuliza: "Unataka sisi tuondoke na somo gani?" Wa pili akataka kujua kwa nini baba hawasamehi wanawe mwishoni, maana yeye alihitaji tumaini. Wa tatu akaomba nifafanue chakula kilichotajwa. Saa nzima. Hakuna aliyeuliza kuhusu tukio la pili ambalo mimi mwenyewe nilijua halisimami. Na watu wa ukumbi walikuwa wanaandika, siyo nilichosema mimi, walichosema wale.

Mswada uliporudi kwangu ulikuja na "mapendekezo". Baba asamehe.

Ndiyo maana huwa namkumbuka mwandishi mweusi Alice Childress. Tamthilia yake Trouble in Mind ilichezwa New York mwaka 1955 kwenye ukumbi mdogo, Greenwich Mews, ikapendwa, ikatakiwa Broadway. Watayarishaji wakataka ibadilishwe iwe laini zaidi kwa watazamaji weupe. Mama yule akakataa, mpango ukafa. Kama si hivyo angekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na tamthilia Broadway, kabla ya Lorraine Hansberry, aliyefika huko 1959 na A Raisin in the Sun. Ya Childress ilifika huko Novemba 2021. Childress alikuwa amefariki tangu 1994. Na kichekesho chenyewe: tamthilia hiyo inahusu mwigizaji mweusi anayegombana na mwongozaji mweupe mazoezini, kwa sababu haamini kile ambacho mhusika wake ameandikiwa kufanya.

Kwa hiyo kaka Mpenda Jukwaa, hata huyo mwenye uamuzi akiwemo chumbani, mimi nauliza amekuja kusikiliza nini.

Fundi Taa

Jamani, mnaongea kama vile jukwaa linawashwa kwa dua. Mimi kazi yangu ni taa, nimefanya kazi kwenye kumbi kubwa na vibanda. Usomaji hauna fundi seremala, hauna mshonaji, hauna mimi. Onyesho kamili lina wiki kadhaa za mazoezi, mikataba ya vyama, bima, seti inayojengwa na kubomolewa. Ukumbi wa mkoani ukiweka tamthilia ya mtu asiyejulikana na watu wasije, mwakani mnapunguza wafanyakazi. Siyo ubaguzi kila mahali, kwingine ni hesabu.

Hiyo A Raisin in the Sun mnayoitaja ya Hansberry: mtayarishaji wake Philip Rose alihangaika zaidi ya mwaka kuchanga fedha, kwa watu wengi waliotoa kidogo kidogo, kwa sababu wenye fedha kubwa hawakuitaka. Ikajaribiwa New Haven, Philadelphia na Chicago kabla ya kufunguliwa New York Machi 11, 1959. Ikachezwa mara 530. Mwongozaji? Lloyd Richards huyohuyo.

Na tusisahau 2021. Broadway ilipofunguliwa baada ya korona, tamthilia saba za waandishi weusi zilipangwa msimu mmoja. Watu wakashangilia. Lakini walipelekwa mstari wa mbele wakati watalii hawajarudi na virusi bado vinafunga kumbi. Chicken & Biscuits ilifungwa Novemba kabla ya wakati. Desemba, waigizaji wa Thoughts of a Colored Man walipopungua kwa ugonjwa, mwandishi wake Keenan Scott II alipanda jukwaani mwenyewe, mswada mkononi, kuokoa onyesho la jioni ile. Siku iliyofuata ikatangazwa kuwa imefungwa. Yaani mtu kafika Broadway, na bado anasoma mswada mbele ya watu!

Kwa hiyo jukwaa kamili peke yake si ukombozi. Inategemea unapewa lini, na matangazo kiasi gani.

Kijana wa Ubungo

Nasoma tu huku nashangaa. Weusi Marekani wana wasanii matajiri kuliko bajeti za wizara zetu. Si wajenge kumbi zao? Kila siku kulilia meza ya mtu mwingine.

Mpenda Jukwaa

Mdogo wangu wa Ubungo, hilo ni swali la heshima na lina historia. Juni 1996 Wilson alisimama Princeton mbele ya wakuu wa kumbi za nchi nzima akawaambia: katika kumbi 66 za ule muungano mkubwa wa kumbi za mikoani, wa weusi ni mmoja tu. Mmoja. Ulikuwa Crossroads, New Jersey, ulioanzishwa 1978, ndio uliomtoa mwandishi George C. Wolfe na tamthilia yake The Colored Museum mwaka 1986. Mwaka 1999 Crossroads wakapewa tuzo ya Tony ya ukumbi bora wa mkoani. Haukupita muda mrefu wakasimamisha msimu kwa madeni.

Wamejenga, na wamejenga tena. Negro Ensemble Company, kundi la maigizo la weusi New York, ilianza 1967 kwa fedha za taasisi ya Ford Foundation, ikampandisha jukwaani mwandishi Charles Fuller na A Soldier's Play mwaka 1981, akachukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwaka uliofuata. Tamthilia hiyo Broadway iliiona 2020. Ukumbi wa weusi wa Penumbra, Saint Paul, jirani na mama yetu hapo juu, upo tangu 1976, na ndio uliomchezea Wilson kazi yake ya mapema kabla O'Neill hawajamjua. Kwa hiyo kumbi za weusi ndizo zinazobeba hatari ya kumchezesha mtu asiye na jina. Akishapata jina, fedha zinakwenda kwa kumbi kubwa. Hasira yangu iko hapo, kuliko hata kwenye usomaji wenyewe.

Ndugu Fundi Taa, hesabu zako nazikubali zote isipokuwa moja. Ukumbi ukisema hauna fedha ya kumchezesha chipukizi, tazama msimu wake: utakuta Shakespeare mwenye seti ya mbao za kweli. Fedha ipo, imeshapangiwa mtu.

Mwana Ituri

Salamu kwenu. Mimi ni Mkongomani, naishi Canada, Kiswahili changu ni cha Bunia, mtanivumilia.

Nilitaka kusema juu ya Lynn Nottage, mwandishi mweusi wa Marekani, na tamthilia yake Ruined, kwa sababu ile habari ni ya kwetu: baa ya Mama Nadi katika mji mdogo wa madini, msitu wa Ituri. Nottage na mwongozaji wake Kate Whoriskey walikwenda Uganda mwaka 2004, wakakaa na wanawake waliokimbia vita, wakawasikiliza. Ukumbi wa Goodman wa Chicago ulikuwa umeagiza kazi, yaani walimlipa ili aandike. Ikachezwa mwisho wa 2008, ikapata Pulitzer 2009.

Mimi naona mambo mawili. La kwanza, ona tofauti: pale fedha na jukwaa vilitangulia, mswada ukafuata. Na aliyeaminiwa hivyo hakuwa chipukizi tena. La pili linaniuma kidogo. Wale wanawake walitoa maneno yao, na tamthilia ikatembea dunia. Mwandishi kijana wa Bunia mwenye hadithi hiyohiyo, nani anamwagiza? Simlaumu Nottage, alifanya kazi kwa heshima. Nasema tu foleni ni ndefu kuliko mnavyoiona kutoka New York.

Nyanya Kampala

Mwana Ituri, hapo umenigusa. Mfumo huu wa Marekani ulifika hadi kwetu: Sundance, taasisi ya sanaa ya Marekani, walileta warsha yao ya tamthilia Afrika Mashariki, hata kisiwani Manda, Lamu, waandishi wa nchi zetu wakakaa pamoja na miswada yao. Kilichoniridhisha ni kilichofuata. Mwaka 2014 Bayimba, taasisi ya sanaa ya Uganda, pamoja na Sundance wakaanzisha Tamasha la Kimataifa la Tamthilia la Kampala, na Deborah Asiimwe, mwandishi wa Uganda, akawa mmoja wa waliolibeba. Kwa hiyo mtu akitoka warshani kuna mahali pa kuipeleka kazi ikachezwa na watu wakaja. Bajeti ndogo, jenereta wakati mwingine, lakini inachezwa.

Kijana wa Ubungo

Sawa wakubwa, nimeelewa kuhusu kumbi. Ila mwandishi mweusi Michael R. Jackson alihangaika na tamthilia yake ya muziki A Strange Loop karibu miaka 20, huku akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao kwenye kumbi za wengine, na ilipotoka ikachukua Pulitzer ya 2020. Huenda miaka hiyo ndiyo iliyoipika?

Mama wa Saint Paul

Mwanangu, huyo tunamjua kwa sababu alifika. Waliochoka mwaka wa kumi wakaenda kufundisha shule hatuna majina yao hapa. Na usichanganye kuandika miaka 20 na kusubiri miaka 20. Mwandishi mweusi James Ijames, tamthilia yake Fat Ham ilitoka 2021 kama onyesho lililorekodiwa na ukumbi wa Wilma wa Philadelphia, kwa sababu ya korona. Hawakusema tusome kwanza tuone. Waliigiza, wakapiga picha, wakatoa. Mei 2022 akapata Pulitzer kabla hata New York haijaifungulia pazia.

Mpenda Jukwaa

Basi nipendekeze kitu kimoja, mkichane. Mwandishi akialikwa kusomewa, ajibu kwa barua pepe yenye maswali mawili: nani anayetia sahihi ratiba ya msimu, na je, atakuwepo siku hiyo? Na kwamba kipindi cha maswali ya watazamaji ni hiari ya mwandishi. Wakikataa, umejua mapema.

Mama wa Saint Paul

Mimi nilishawahi kuuliza la kwanza. Nilijibiwa kwa upole mkubwa kwamba nafasi hiyo ameshapewa mwandishi mwingine. Barua kama hiyo ikitoka kwa mtu mmoja ni ukaidi. Ingetoka chama cha waandishi, ikawa sharti la mkataba kama zile saa 29 za waigizaji, ndipo ingekuwa na meno. Tuanzie hapo, au kuna mwenye njia nyingine?