Naomba ushauri: nimalize CPA (cheti cha uhasibu) au nihamie kwenye ukaguzi wa mifumo ya kompyuta?

Wakuu, natunza vitabu vya hesabu vya maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kazi ilikuwa kupanga risiti za EFD (mashine za kodi) na kuzioanisha na taarifa ya benki. Sasa bosi mmoja kanunua programu: mauzo ya Lipa Namba (malipo ya simu) yanaingia yenyewe, faida anaiona kwenye simu. Kaniuliza, "Sasa wewe nakulipa kwa lipi?" Ila juzi mfumo uliandika mkopo wa milioni 20 kama mauzo, kodi ya VAT ikapigwa juu yake! Nikaitwa mbio.

Nimebakiza ngazi ya mwisho ya CPA pale NBAA, bodi ya wahasibu. Nimalize kwanza, au ada hiyo niipeleke kwenye ukaguzi wa mifumo? Mlioko huko, wateja wanalipa kwa mwezi au kwa kazi?