Sefu ya watu watano: ufunguo wa akiba wa kitasa cha namba akae nao nani?

Mweka_Hazina

Wakuu, habari za kazi. Tuko watu 5 tunaotumia sefu moja kwa fedha za matumizi madogo, vitabu vya risiti na mihuri. Sasa tunahamia sefu yenye vitufe vya namba pamoja na ufunguo wa akiba. Naomba mwongozo: tutumie namba moja ya siri au kila mtu awe na yake? Ufunguo akae nao nani? Betri zikiisha katikati ya kazi inakuwaje? Halafu kuna kitufe chekundu ndani ya mlango, sijaelewa kazi yake.

Fundi_Vitasa

Mkuu, anzia kwenye ufunguo, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Katika sefu nyingi za bei ya chini ufunguo wa akiba unafungua peke yake, hauhitaji namba. Aliye nao haachi alama yoyote kwenye kitasa. Mnaweza mkapanga namba za siri vizuri kabisa na bado sefu ikawa mikononi mwa mtu mmoja.

Inavyofanya kazi: ukiandika namba sahihi, betri inapeleka umeme kwenye solenoidi (koili inayogeuka sumaku umeme ukipita), kipini kinavutwa ndani kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo ndipo kishikio kinakubali kuzunguka na kurudisha makomeo. Ufunguo unasogeza kizuizi kile kile kwa nguvu ya mkono, bila umeme. Tundu lake hufichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, mara nyingi karibu na vitufe au kishikio.

Betri kwa kawaida ni 4 za AA, kila moja volti 1.5, jumla 6. Solenoidi inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo betri zikichoka utaona taa inawaka na mlio unasikika, ila kipini hakisogei. Watu hudhani kitasa kimeharibika kumbe ni betri. Weka za alkalini, zote mpya, za aina moja. Za kuchaji ni volti 1.2, nne zinafika 4.8 tu, na baadhi ya vitasa vinagoma. Badilisheni kila mwaka hata kama bado zina nguvu, mlango ukiwa wazi.

Kabla ya kununua, angalia betri zinakaa wapi. Zikiwa ndani ya mlango na hakuna vituo vya nje vya kugusishia betri ya volti 9, basi siku zikizima njia ni ufunguo tu. Zikiwa nje, chini ya vitufe, tatizo hilo halipo kabisa. Kwa sefu ya watu wengi ningechagua ya betri za nje bila kusita.

Kitufe chekundu ni cha kuweka namba mpya. Kwa kawaida unakibonyeza mlango ukiwa wazi, unasubiri mlio, unaandika namba na kuithibitisha kwa kitufe kilichotajwa kwenye kijitabu. Kisha, mlango ukiwa bado wazi, zungusha kishikio makomeo yatoke, jaribu namba mpya angalau mara 3, jaribu na ufunguo, ndipo ufunge. Ila elewa hatari yake: yeyote anayeachwa na mlango wazi kwa nusu dakika anaweza kubadilisha namba bila ninyi kujua. Na sefu nyingi hizi zina namba mbili, ya mtumiaji na namba kuu. Watu hubadilisha ya kwanza na kuiacha ile kuu ya kiwandani, ambayo imechapishwa kwenye kijitabu. Badilisheni zote mbili siku ya kwanza.

Mkaguzi_Ndani

Naongezea upande wa udhibiti. Namba moja kwa watu 5 ni sawa na kutokuwa na namba. Fedha zikipungua hakuna wa kuulizwa. Tafuteni kitasa cha watumiaji wengi, chenye namba ya msimamizi anayeongeza na kufuta watumiaji, na kinachohifadhi tarehe na saa ya kila ufunguzi. Vingine vinaweza kupangwa visifunguke hadi watu wawili waandike namba zao mmoja baada ya mwingine. Kwa fedha za pamoja huo ndio mpango wenye maana. Mtu akiondoka kwenye kazi, namba yake ifutwe siku hiyo hiyo.

Kama uwezo unaruhusu sefu ya namba moja tu, badilisheni namba kila mtu anapoondoka, na kaguni vitufe. Vitufe 4 vikichakaa na namba ina tarakimu 4, aliyeona uchakavu huo ana mipangilio 24 tu ya kujaribu. Kwa tarakimu 6 zisizojirudia mipangilio inakuwa 720, na kitasa kinachojifungia kwa dakika kadhaa baada ya makosa machache kinamchosha. Msitumie tarehe ya kuzaliwa wala namba ya simu ya ofisi.

Funguo kwa kawaida huja 2. Kila mmoja uwekwe kwenye bahasha yake, wawili wasaini juu ya mdomo wa bahasha, kisha selotepu angavu ipite juu ya saini. Bahasha zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, kwa mtu asiye na namba ya sefu na asiyeingia peke yake chumba kilipo. Kila bahasha inapofunguliwa iandikwe daftarini: nani, lini, kwa nini, na bahasha mpya isainiwe. Ufunguo ukiwa na namba iliyochongwa, msiupige picha. Namba hiyo inaweza kutosha kuchongesha mwingine.

Mweka_Hazina

Shukrani sana wakuu. Je, ni kweli zingine zinafunguka kwa kugongwa? Na ile hali ya namba kukubali lakini kishikio hakizunguki?

Fundi_Vitasa

Kweli. Springi ya solenoidi ikiwa dhaifu, kishindo juu ya sefu kinarusha kipini huku mtu akizungusha kishikio. Baadhi pia zinafunguka kwa sumaku yenye nguvu. Ifungeni kwa bolti sakafuni au ukutani kupitia matundu yaliyomo ndani, na kama thamani ni kubwa chukueni kitasa kilichopimwa kwa viwango vya usalama wa vitasa, EN 1300 (cha Ulaya) au UL 2058 (cha Marekani). Ufunguo wa mviringo wenye tundu katikati nauepuka, zana za kuuchokonoa zinauzwa wazi.

Kishikio kikigoma, mara nyingi kitu cha ndani kinasukuma mlango na makomeo yamebanwa. Rudisha kishikio kwenye kufunga, sukuma mlango ndani kwa bega, andika namba, zungusha mara moja. Msilazimishe, mhimili wake unaweza kukatika. Mkilazimika kutumia ufunguo, wekeni betri mpya na mjaribu namba kabla ya kufunga tena. Na ufunguo wa akiba usiachwe ndani ya sefu yenyewe, hata kwa usiku mmoja.