Fundi karanda mlango mara mbili, kumbe linta, boriti ya juu ya mlango, ndiyo inayonepa!

Wakuu, leo nawasalimu kwa hasira, mtanisamehe.

Nina chumba cha mbao bustanini. Mbele nilitaka uwazi mpana, mita 3.2, milango ya mbao na kioo ya kukunja, mabawa manne, yananing'inia kwenye reli ya juu. Fundi akasema hilo dogo sana. Na kweli chumba kilisimama haraka, kikapendeza, nikawa kila mgeni akija namfungulia milango yote hata kama kuna baridi.

Mwezi wa tatu bawa la pili likaanza kukwaruza kwa chini. Nikampigia fundi. Akaja na randa. Akalishusha bawa, akaranda ukingo wa chini, maranda yakajaa sakafuni, akalirudisha, likafunga vizuri, akaondoka zake anapiga mluzi. Wiki sita baadaye yale yale, na sasa bawa la tatu nalo. Akaja tena na randa ileile! Safari hii nikamuuliza, fundi, mlango unarefukaje? Akanijibu, "Mama, mbao zinavimba." Zinavimba, ndiyo, lakini kwa upana. Kwa urefu mbao haibadiliki kiasi cha kuonekana kwa macho. Mimi si fundi na hilo nalijua.

Alipoondoka nikachukua uzi. Nikapigilia msumari kila upande wa uwazi, sentimita 5 chini ya linta, nikaukaza uzi mpaka ukalia. Kisha nikapima katikati kutoka kwenye uzi hadi kwenye linta. Milimita 31. Pembeni 50, katikati 31. Linta imeshuka milimita 19, na mwenzenu nimelipa watu wanirandie milango! Kipimo kinachotumika sana cha mwisho wa kunepa ni kugawa upana wa uwazi kwa 360, yaani kwangu kama milimita 9 ndiyo mwisho, na milango ya kuning'inia huwa inataka chini ya hapo.

Nikabandua ubao wa mapambo juu ya mlango. Jamani.

Linta yenyewe ni mbao mbili za 2x4 (inchi 2 kwa 4), zimelazwa bapa, moja juu ya nyingine, zikapigwa misumari. Zimelazwa! Chukua rula, ishike miisho yote miwili, ibonyeze ikiwa bapa, halafu isimamishe kwa ubavu uibonyeze tena. Mtoto wa darasa la pili anaona tofauti. Mbao ya 2x4 ikisimamishwa inakuwa ngumu kupinda mara 4 kuliko ikilazwa, na ni mbao ileile, hakuna senti iliyoongezeka.

Halafu miisho. Linta inatakiwa ikae juu ya nguzo fupi kila upande, nguzo hizo zibanwe na nguzo ndefu za ukutani, mzigo ushuke mpaka kwenye msingi. Kwangu hakuna nguzo fupi. Ameichomeka linta katikati ya nguzo mbili ndefu akaipiga misumari ya mshazari, basi. Nilipitisha ncha ya penseli chini ya mwisho wa linta, ikaingia bila kugusa kitu. Paa lote la upande ule, maana mapau yamekaa kwenye ukuta huohuo, linashikiliwa na misumari minne kila upande. Mmoja umeshaanza kupinda.

Nikampigia nikamweleza. Jibu: "Mama, hicho ni kibanda tu, si ghorofa." Ndilo lililonifanya nije kuandika hapa. Kwa hiyo paa la kibanda halina uzito? Kioo changu ni cha tabaka mbili, milimita 4 na 4. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo hapo ni kilo 20 kwa mita ya mraba. Nina kama mita 5 za mraba za kioo. Kilo 100, bado fremu na vyuma vyake, na vyote vimening'inizwa kwenye hizo mbao mbili zilizolala.

Aliyeuza milango naye kanawa mikono, eti mlango wake hauna kosa, uwazi ndio mbovu. Inauma, ila hapo yuko sahihi. Fremu ya mlango haibebi paa.

Ninavyoona, fundi wangu amefanya alichozoea kwenye mlango wa kawaida wa sentimita 80. Kule hata ukilaza mbao hakuna atakayejua. Lakini uwazi wangu ni mara 4 ya huo, na kunepa hakuongezeki mara 4. Mbao ikiwa ileile na mzigo kwa kila mita uleule, kunaongezeka mara 256. Zaidi ya hapo, mbao zenyewe zilikuja mbichi (nilizishika, zilikuwa baridi na nzito), na mbao mbichi ikibebeshwa mzigo inaendelea kunepa taratibu hata kama hujaongeza kitu. Ndiyo maana kila akiranda, linta inaushusha mlango tena.

Kwa sasa nimeyashusha mabawa yote, nimesimika mirunda mitatu chini ya mapau kwa ndani, juu yake ubao mmoja mrefu wa kugawa mzigo. Randa hairudi humu ndani. Fundi anashauri tuweke nguzo katikati ya uwazi. Nguzo katikati! Si ningenunua milango miwili midogo tangu mwanzo?

Wenye uzoefu naomba mniambie. Nafasi juu ya mlango inaniruhusu mbao za 2x8 zisimame kwa ubavu. Nafikiria mbili zenye bamba la chuma katikati, zikazwe kwa bolti, na nguzo fupi mbili mbili kila upande. Nitamwita mhandisi apige hesabu kabla sijakata chochote, ila aliyewahi kufanya hivi anieleze jambo moja: paa lililoshuka milimita 19 mlilinyanyua kwa siku moja au mlikaza jeki kidogo kidogo? Dari langu ni plaiwudi na maungio yameshaanza kufunguka, sitaki nilimalizie kabisa.